Mbiti, Mtunzi wa Aimu



Profesa John Samuel Mbiti alipofariki Uswisi mnamo Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka 87, karibu kila tanzia niliyoisoma ilimtaja kwanza kama mwanateolojia na kasisi. Makerere, Cambridge, Bossey, Burgdorf: safari hiyo mnaijua. Akamba Stories, kitabu chake cha ngano cha 1966, kilipata nusu sentensi.

Lakini kilichonichoma zaidi ni hoja ya mwenzangu mmoja ninayemheshimu, aliyesema kongamanoni kwamba Mbiti hakuwa mtunzi wa fantasia hata kidogo. Aimu, wale viumbe wa ajabu wa ngano za Kikamba, alisema, ni mali ya jamii. Mbiti alishika kalamu tu. Kwa hesabu yake, fantasia ya kuandikwa ya kwetu ilianza na riwaya ya Nagona ya Kezilahabi, mwaka 1990, ikafuatwa na Bina-Adamu! ya Wamitila, mwaka 2002. Yote yaliyotangulia aliyatia katika kapu moja aliloliita malighafi.

Nani basi alitunga Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini? Elias Lönnrot alikuwa daktari aliyezunguka vijijini akisikiliza waimbaji. Alichagua, akapanga, akaunganisha, akachapisha mwaka 1835, kisha akaipanua mwaka 1849. Tolkien alichota humo kisa cha Kullervo, akamuumba Túrin wake. Wafini wanamuenzi Lönnrot kama nguzo ya fasihi yao. Akifanya Mfini ni utunzi. Akifanya kijana wa Kitui ni ukarani? Kanuni ya namna hiyo siikubali.

Tena mkusanyaji tunaye, na hakuwa Mbiti. Gerhard Lindblom, Mswidi, alifika Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ngano zake za viumbe wa ajabu zikachapishwa mwaka 1935. Namshukuru kwa uangalifu wake. Ila Lindblom aliandika alichosimuliwa na watu wa nchi nyingine. Mbiti aliandika kilichomlea. Kabla hajatoa kitabu chochote cha teolojia alikuwa amekwisha kuchapisha Mutunga na Ngewa Yake, mwaka 1954, kwa Kikamba. Mwenzangu hakukitaja hata kwa jina. Mtu aliyeanza na hadithi, akarudi kwenye hadithi baada ya Cambridge, hatuwezi kumwita mpita njia katika sanaa hii.

Niruhusuni nikae kidogo na hao aimu. Nyanya yangu alinisimulia habari zao jioni, baada ya kupura ndengu, mikono yake ingali na vumbi la maganda. Jitu lake lilikuja likiwa kijana mzuri, likaposa, likala wali na nyama kwa adabu. Usiku ndipo bi harusi alipoona mdomo wa pili kisogoni. Jitu hilo lilimeza watu, ng'ombe na mbuzi hadi kijiji kikabaki majivu. Na hapa ndipo ngano za Ukambani zinapofanya jambo ambalo sichoki kulitafakari: jitu likikaribia kufa, lenyewe humwambia aliyelishinda alikate kidole kidogo. Kidole kikikatwa, wote waliomezwa hutoka, mmoja baada ya mwingine, wakiwa hai, na mifugo yao.

Kwa nini adui afichue siri ya wokovu? Kwa nini kidole kidogo, wala si tumbo? Wanafunzi wangu husema ni upuuzi wa ngano. Mimi naona hapo fikra nzima kuhusu wakati. Kilichopotea hakikuangamia, kimehifadhiwa nyuma yetu, na nyuma huko ndiko msaada unakotoka.

Sasa someni tena sura ya wakati katika kitabu cha Mbiti cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mbiti alipanga nyakati za vitenzi vya Kikamba, akasema wakati ujao hauendi mbali, miezi sita, labda miaka miwili, ilhali matukio yote hurudi na kuzama katika zamani isiyokwisha. Wanafalsafa wamemshambulia kwa miaka mingi, na wana haki. Mkulima wa Makueni anayepanda miembe anajua vema kwamba mavuno yako miaka kadhaa mbele. Mzazi anayemwekea mtoto karo hali kadhalika. Kama maelezo ya jinsi Waafrika wote wanavyofikiri, nadharia ile imeshindwa, nami sitaitetea.

Hata hivyo, nimeipima kwa kila mizani na bado naamini kwamba haikutoka kwenye sarufi. Jedwali la vitenzi lilikuja baadaye, kuwaridhisha wasomi. Wakati ule ni wakati wa msimulizi. Ndani ya ngano hakuna kesho ya mbali. Kuna leo yenye hatari, na nyuma yake ghala kubwa ambamo waliomezwa wanangoja. Waliomsahihisha Mbiti walimsoma kama mwanafalsafa aliyekosea hesabu, wakalipita jitu na kidole chake bila kugeuka.

Kwa hiyo naiomba idara yetu mambo mawili. Akamba Stories iondolewe kwenye orodha ya anthropolojia, ifundishwe katika fasihi mwaka wa kwanza, bega kwa bega na Nagona. Na ngano zenyewe zichapishwe kwa Kikamba, Kiswahili kikiwa ukurasa wa pili, wakati wasimulizi wa Mutomo na Kilungu wangali nasi wa kutusahihisha.