Baraza Lisilohukumu

Anayepita Sola na viunga vyake, katika mkoa wetu wa Simiyu, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kunyesha na majembe ya kukokotwa na ng'ombe yamekwisha kuingia katika mashamba ya pamba na mahindi, ataona kwamba mpaka baina ya jirani na jirani aghalabu ni safu ya minyaa iliyopandwa na mababu, au tuta jembamba la nyasi lisilolimwa. Na tuta hilo huliwa na plau mfuo mmoja mwaka huu na mfuo mwingine mwaka ujao, hata siku moja wana wa ndugu wawili, waliolelewa kwa maziwa ya zizi moja, wakajikuta wamesimama pale palipokuwa na tuta, kila mmoja na fimbo yake mkononi.

Husuma ya namna hii ilikuwa ikipelekwa katika Baraza la Kata, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1985, nalo likiamua kwa hukumu, mradi thamani ya ardhi haikuzidi shilingi milioni 3. Mwaka 2021 Bunge liliondoa mamlaka hayo katika mambo ya ardhi, likaliachia baraza kazi ya kusuluhisha peke yake. Na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likakatazwa kusikiliza shauri mpaka lile la kata lithibitishe kwamba sulhu imejaribiwa ikashindikana, isipokuwa siku 30 zikipita bila ya mapatano, hapo mdai yu huru kwenda mbele. Wengi walisikitika, wakasema baraza limeng'olewa meno. Mimi naliona jambo hili kwa jicho jingine, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Mtu aliyesimama mbele ya anayeweza kumhukumu hulinda ulimi wake, kwa kuwa kila neno laweza kumrudia. Lakini akiketi mbele ya wajumbe watatu, mmoja wao angalau akiwa mwanamke kama sheria inavyotaka, wasio na uwezo wa kumnyang'anya hata shubiri moja ya ardhi, na wakili haruhusiwi kuingia kusema kwa niaba yake, huweza kutamka lile asilolitamka kwingine: kwamba ni kweli, mwaka ule wa njaa alivuka mpaka, akadhani jirani atanyamaza. Ungamo hilo ni amana. Msuluhishi akilitembeza kilabuni, au likaja kutumiwa kama ushahidi mbele ya hakimu, hakuna atakayesema kweli tena katika kata ile. Na ndiyo maana siri, pamoja na hiari ya wagombanao na insafu ya anayewasikiliza, ni nguzo ambazo pasipo hizo neno sulhu hubaki jina tu.

Wala Wasukuma hawakungoja Bunge liwafundishe haya. Banamhala, wazee wetu, waliposikiliza ugomvi wa ngitili, yale malisho yanayofungwa ili ng'ombe wapate nyasi wakati wa kiangazi, walimwacha kila mmoja aseme hata amalize, kisha wakainuka wakaenda kupakanyaga mahali penyewe, wakitafuta kisiki cha mnyaa uliokatwa, wakimwuliza ajuza aliyewahi kuchunga pale akiwa binti.

Ninaloliogopa ni cheti kile cha kuthibitisha kwamba sulhu imeshindikana. Madhali njia ya kwenda wilayani hupita katani, wako waingiao barazani wakiwa wamekwisha kuazimia kushtaki, wakitaka karatasi tu, na wajumbe waliochoka huwapa asubuhi ile ile, bila ya kuinuka vitini. Siku 30 ni chache, lakini zatosha kwenda shambani mara mbili.

Fauka ya hayo, yako mambo yasiyostahili kusuluhishwa. Mjane akiambiwa aliache shamba la marehemu mumewe ili ukoo upate utulivu, utulivu huo umenunuliwa kwa dhuluma, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kuibatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya alipoamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi ni ubaguzi usioafikiana na Katiba, alitoa neno ambalo msuluhishi yeyote, hata angekuwa na hekima ya namna gani, asingeweza kulitoa. Maana msuluhishi hupatanisha watu wawili, ilhali mila iliyopotoka huwashika maelfu.

Lakini ule ugomvi wa tuta ni wa baraza. Wajumbe wakiisha kupima kwa hatua, na wawili wale wakakubaliana, katibu na aandike pale pale, awasomee kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, watie sahihi au dole gumba. Na vijiti vya minyaa vichomekwe siku hiyo hiyo, huyu akichimba na yule akishika kijiti, udongo ukiwa bado na unyevu.