Damu Chooni Si Bawasiri Siku Zote



Yapo maradhi ambayo mtu huyataja hadharani bila kusita, mathalani malaria au shinikizo la damu. Na yapo yale ambayo hata mke haambiwi na mumewe. Maradhi ya utumbo mpana na ya puru, yaani ile sehemu yake ya mwisho, ni ya kundi hili la pili. Mtumishi huona damu chooni akanyamaza. Mwezi wa tatu hunong'onezwa na rafiki kwamba hiyo ni bawasiri tu. Hununua dawa ya mizizi, na damu ikikoma kwa wiki mbili huamini kuwa amepona. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Hapa methali hiyo si pambo la lugha. Ndivyo wanavyofika hospitali wagonjwa wengi wa saratani hii: utumbo umekwisha kuziba, tumbo limevimba, na daktari hana budi kupasua usiku uleule ili kuokoa roho kwanza, hayo mengine baadaye.

Ni kweli kwamba bawasiri ni ya kawaida zaidi kuliko saratani. Lakini jicho la mgonjwa haliwezi kupambanua damu ya hii na damu ya ile. Kidole cha daktari kilichovaa mpira mara nyingi huweza, kwa kuwa uvimbe mwingi wa puru huwa mahali ambapo kidole hufika. Kidole hakihitaji umeme wala fedha za kigeni. Kinachokizuia aghalabu ni haya: haya ya mgonjwa na, si vibaya kusema, pengine haya ya mganga mwenyewe.

Saratani ya utumbo mpana, ikiwahiwa, ni miongoni mwa saratani zinazoweza kuponywa kwa kisu. Mionzi na dawa husaidia, hasa kuupunguza uvimbe wa puru kabla ya kupasua au kuzuia usirudi. Lakini nguzo ya tiba kwa wagonjwa walio wengi imebaki kuwa upasuaji. Ujuzi huo haukupatikana kwa siku moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 mpasuaji mmoja wa London, Ernest Miles, alikuwa akiondoa puru yenye saratani kwa kupasulia chini peke yake. Kati ya wagonjwa 57 aliowapasua hivyo, maradhi yaliwarudia 54. Mtu mwingine angelaumu maradhi. Miles alichunguza maiti za waliokufa, akaona kwamba mbegu za saratani zilikuwa zimepanda juu kwa njia ya tezi na mafuta ambayo kisu chake hakikuyagusa. Mwaka 1908 alitangaza njia mpya ya kupasua tumboni na chini kwa pamoja. Ilikuwa kazi ya kutisha: kati ya wagonjwa 12 wa kwanza walikufa 5. Lakini wazo lake lilikuwa sahihi, na kadiri dawa za usingizi na uongezaji damu ulivyoendelea, ndivyo vifo vilivyopungua.

Hata hivyo palikuwa na gharama. Njia ya Miles iliondoa mlango wa haja kabisa, na mgonjwa aliishi maisha yake yote akitoa choo kwenye tundu la tumboni. Mwaka 1982 mpasuaji Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alieleza kwamba puru imezungukwa na mafuta yaliyofungwa katika utando wao, mithili ya zawadi iliyofungwa vizuri. Mpasuaji akifuata utando huo polepole bila kuuchana, saratani hutoka yote pamoja na mafuta yake, na mara nyingi utumbo unaweza kuunganishwa tena. Ndugu walimu watapendezwa na yaliyofuata. Katika miaka ya 1990 wapasuaji wa Stockholm, Uswidi, walikaa darasani na katika chumba cha upasuaji kufundishwa njia hiyo. Kabla ya hapo saratani ilikuwa ikirudi palepale kwa wagonjwa 14 au 15 katika kila 100. Baada ya mafunzo ilirudi kwa 6. Walioondolewa mlango wa haja walipungua kutoka zaidi ya nusu hadi karibu robo. Kilichobadilika ni mikono iliyofundishwa.

Wapo wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Kauli hiyo ina asili yake. Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji Uganda tangu 1946 hadi 1966, aliona kwamba saratani ya utumbo ilikuwa adimu kwa wanavijiji wa Afrika, na mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni chakula chao chenye makapi mengi. Lakini Burkitt alizungumzia watu wa ugali wa dona, maharage na mboga za majani. Hakuwazungumzia watumishi wa mjini wanaokaa kitini kutwa na kula mkate mweupe, chipsi na soseji. Mwaka 2020 ulimwengu ulikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wapatao milioni 1.9, na katika miji ya Afrika maradhi yanaongezeka.

Limebaki lile tundu la tumboni, ambalo ndilo linalowakimbiza wengi. Wapo waliotoroka wodini walipoelezwa habari zake, wakaenda kufia nyumbani. Yafaa ijulikane kwamba kwa wagonjwa wengi ni la muda tu, hufungwa baada ya miezi michache utumbo ukiisha kupona. Aliye nalo daima huvaa mfuko chini ya nguo, huoga, husafiri na husimama mbele ya darasa. Shida yake kubwa ni bei ya mifuko na maji ya kujisafishia, na hayo ni mambo ambayo mwajiri anaweza kuyafikiria. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya kupasuliwa: je, litakuwa la muda au la daima, na litawekwa wapi? Muuguzi mwenye ujuzi humketisha, humsimamisha, humwinamisha kama aokotaye chaki, kisha humtia alama ya wino tumboni mahali ambapo mkanda wa suruali hautagusa, naye mwenyewe anaweza kupaona.