Viti Vingapi? Idadi ya Wawakilishi na Uzito wa Amana

(Nakala ya mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma, baada ya Swala ya Magharibi)



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Mzee wetu mmoja wa msikiti huu aliniuliza swali, nami nikamwahidi kulijibu mbele ya jamaa. Alisema: "Mwalimu, katika yale mazungumzo ya Katiba Mpya ilisemwa kuwa Mkoa wetu utatoa wabunge wawili tu. Mtu wa Kagunga na mtu wa Kalya watampata wapi huyo mbunge?" Wenye kuijua pwani hii wanafahamu uzito wa swali hilo. Kagunga iko mpakani na Burundi, Kalya iko mbali kusini, na safari baina yake ni ya maji.

Kwanza tuweke sawa yaliyosemwa. Rasimu ya kwanza ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilitolewa Juni 2013. Ilipendekeza serikali tatu, na Bunge la Muungano lenye wabunge 75 tu. Kila mkoa wa Bara, na ilikuwa mikoa 25, ungekuwa jimbo moja lenye wabunge wawili, mwanamke na mwanamume: jumla 50. Kila wilaya ya Zanzibar, na zilikuwa 10, ingetoa wawili vilevile: jumla 20. Watano wengine wangeteuliwa na Rais kuwakilisha watu wenye ulemavu. Bunge Maalum la mwaka 2014 halikuufuata mpango huo, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Kwa hiyo tungali chini ya Katiba ya 1977. Hata hivyo swali halikufa, na kila mjadala wa Katiba utakapofufuka litaulizwa tena.

Je, kuna idadi iliyo sahihi? Wataalamu wa siasa wamechunguza mabunge ya dunia wakaona mengi yanakaribia kanuni moja. Chukua namba, izidishe kwa nafsi yake, kisha izidishe tena kwa namba ileile, upate idadi ya watu wa nchi. Mia kwa mia kwa mia ni milioni moja. Basi nchi ya watu milioni moja huelekea kuwa na wabunge kama 100. Kwa hesabu hiyo, Tanzania ya sensa ya 2012, yenye watu 44,928,923, ingefaa wabunge kama 355. Sabini na tano iko mbali sana na hapo. Lakini hiyo ni ada iliyoonekana, si sheria. Haituelezi bunge lile litafanya kazi gani.

Na hapa ndipo penye msingi wa jambo. Anayeuliza "wangapi?" hana budi aanze na "kwa kazi gani?" Sisi watu wa ziwani hatupangi idadi ya wavuvi kabla ya kuujua mtumbwi na wavu. Wakiwa wachache mno wavu haupandi. Wakizidi, mtumbwi unalemewa na mgao wa dagaa unakuwa wa kugombaniwa.

Sayyidna Umar (r.a.) alipojeruhiwa mwaka wa 23 Hijria, kazi ilikuwa moja: kumpata Khalifa. Aliwateua watu sita tu. Aidha, kwa kuwa sita hugawika tatu kwa tatu, alitanguliza utaratibu wa kufuatwa kura zikilingana. Kazi moja, watu wachache, na tahadhari ndani ya hesabu yenyewe.

Tukirudi kwenye rasimu, Bunge lile la watu 75 lingeshughulikia mambo saba tu ya Muungano, kama vile ulinzi, mambo ya nje, uraia na sarafu. Shule, zahanati, barabara na uvuvi wa Kigoma vingekuwa vya serikali ya Bara, yenye Bunge lake. Kadhalika mawaziri wasingekuwa wabunge. Hili lina maana kubwa katika baraza dogo: ukiwatoa wabunge kwenda uwaziri, wanaobaki kuisimamia serikali wanapungua mno. Kwa hiyo, mzee wangu, mtu wa Kalya asingekwenda kwa wabunge wale wawili kwa ajili ya zahanati. Idadi ndogo ilikuwa na hoja yake, maadamu kazi nayo ni ndogo.

Lakini swali la pili ni zito zaidi: viti hivyo vinagawanywaje? Historia yetu inayo fundisho. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipopanuliwa, wajumbe wasio wa serikali walikuwa 30: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Kwa anayetazama namba tupu, huo ni usawa. Kwa anayejua wenye nchi walikuwa wangapi, ni dhulma iliyovikwa nguo ya hesabu. Kuongeza viti hadi 60 au 90 kwa mgao uleule kusingeondoa chochote.

Sasa pimeni rasimu kwa kipimo hicho. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulikuwa na watu 564,604, Kigoma 2,127,930, na Dar es Salaam 4,364,541. Wote wangepewa viti viwili viwili. Kasoro hiyo haikutokana na Bunge kuwa dogo, bali na kuyafanya mipaka ya utawala kuwa kipimo cha watu.

Mtu atasema: na Zanzibar je? Mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,303,569, pungufu ya Kigoma, lakini ingepata viti 20. Jawabu ni kuwa Zanzibar ni mshirika wa Muungano, haihesabiwi kama mkoa. Usiku wa Baia ya pili ya Aqaba, kwa orodha ya Ibn Is-haaq, walihudhuria wanaume 73 na wanawake wawili. Mtume (s.a.w.) aliwataka watoe wasimamizi 12. Wakatoka tisa katika Khazraj na watatu katika Aus. Wanaume wa Aus usiku ule walikuwa 11 tu kati ya 73, lakini walipata robo ya wasimamizi. Sisemi hii ni hukumu ya kisheria juu ya mabunge. Nasema mgao ulifanyika, wengi wakabaki wengi, na kabila dogo halikumezwa.

Basi rai yangu ni hii. Idadi ifuate kazi. Mgao baina ya washirika umlinde mdogo. Na ndani ya kila mshirika, mgao ufuate watu, mkoa mkubwa upate zaidi ya mdogo, hata kama 75 itapanda kidogo. Na tusihadaike na wingi. Kuelekea uchaguzi wa 2025 majimbo yaliongezwa manane yakafika 272. Jimbo jipya ni jambo jema likimsogeza mwakilishi kwa watu. Likiwa ni kiti cha kumtafutia mtu riziki, ni mzigo juu ya mzigo, na mlipaji ni huyuhuyu muuza migebuka wa Kibirizi.

Ndugu zangu, uwakilishi ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Mjadala utakaporudi, msiende mkapiga kelele ya "tuongezewe" wala ya "wapunguzwe" kabla ya kuuliza mambo mawili: watafanya nini, na nani hatasikika? Anzeni hapahapa, katika kamati za misikiti na madrasa zetu. Kamati ya watu 20 ambayo hukutana watano haina haja ya mtu wa 21.

Allah atuongoze katika lililo la haki. Wabillahi tawfiiq.