Suluhu ya Nairobi na Subira ya Visiwani

(Hotuba iliyosomwa barazani, mbele ya wanachama)



Nimetakiwa niseme juu ya msimamo alioushika Rais Jakaya Kikwete kwa jirani yetu Kenya mwaka 2008, nami nitasema kwa insafu.

Kenya ilipiga kura tarehe 27 Disemba 2007, na matokeo yalipotangazwa nchi ikawaka moto. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na malaki wakahama makwao. Bwana Kikwete, ambaye mwanzoni mwa 2008 alishika uenyekiti wa Umoja wa Afrika, hakusema kwamba hayo ni mambo ya ndani ya jirani. Alikwenda Nairobi. Mzee Kofi Annan alikwisha waweka kando wajumbe waliokwama, akawataka Bwana Kibaki na Bwana Raila Odinga waonane uso kwa uso. Kikwete akaketi nao, na tarehe 28 Februari mkataba ukatiwa saini. Hakuna aliyewaambia Wakenya wangoje kwanza kura ya maoni.

Kazi hiyo ilikuwa njema, na sisi hasa twaijua thamani yake. Baada ya mauaji ya Januari 2001, ndugu zetu wa Pemba walivuka bahari wakapokewa Shimoni, katika nchi hiyo hiyo ya Kenya.

Lakini tazameni nyumbani. Bwana huyu aliteuliwa na chama chake ukumbini Chimwaga, Dodoma, Mei 2005. Na tarehe 30 Disemba mwaka huo, huko huko Dodoma, aliliambia Bunge kwamba mpasuko wa Zanzibar wamsononesha. Wengi wetu tulimwamini. CCM na CUF, chama ambacho wengi wenu mlikuwamo, wakazungumza zaidi ya mwaka. Kisha, mwezi mmoja tu baada ya Nairobi, kikao cha CCM huko Butiama, yeye akiwa Mwenyekiti, kikaamua serikali ya pamoja ipelekwe kwanza kwenye kura ya maoni. CUF wakalikataa sharti hilo.

Kura ilipigwa hatimaye, tarehe 31 Julai 2010, na theluthi mbili hivi wakakubali. Wapo wasemao ilitupa nguvu, sibishani nao. Lakini njia haikufunguliwa na kikao cha Butiama. Ilifunguliwa Novemba 2009, Bwana Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana wao wenyewe, kama walivyokutana wale wa Nairobi. Karibu miezi ishirini ilikuwa imepita. Na kutoka Dar es Salaam, Unguja ni karibu kuliko Nairobi.