Picha za Kahawa Yetu



Tangu 1933, ilipoanzishwa KNCU, wakulima wa Kilimanjaro wamejua faida ya kuuza kahawa kwa pamoja. Chama chetu, kikitimiza miaka 10, chataka sasa kuuza pakiti zenye chapa yake. Mnunuzi wa mbali atatujua kwa picha kabla hajaonja. Kwa hiyo mpiga picha asiitwe kwa ghafula.

Kwanza, halmashauri iandike orodha: matunda mekundu mtini, mashine ya kumenyea, vichanja vya kukaushia, kikombe mezani. Pili, aje wakati wa mavuno, asubuhi mapema, maana jua la adhuhuri hutia kivuli kizito machoni. Tatu, kila atakayepigwa picha aombwe ridhaa, na aelezwe itatumika wapi.

Lakini neno kubwa ni hili: tusiazime shamba la asiye mwanachama, wala tusimvike mchumaji nguo za arusi. Picha ni ahadi. Pakiti ikionyesha matunda mekundu, na ndani mna kahawa iliyochumwa mbichi, mnunuzi hatarudi, na hasara itatufika sote. Basi tuchume vema kwanza, ndipo tupigwe picha.