Mianzi, mbolea na maji: kutoka Port Botany hadi Ziwa Victoria

Leo tunaanzia mbali, katika bandari ya Port Botany, jijini Sydney, Australia. Hapo ndipo yanaposhushwa makontena mengi kupita bandari nyingine zote za jimbo la New South Wales, na miongoni mwa shehena zitokazo China zimo mbao za sakafu zilizotengenezwa kwa mianzi.

Mnunuzi wa mbao hizo huambiwa kwamba anaihifadhi misitu, na kwa sehemu ni kweli. Mwanzi wa moso, ulio mwingi kuliko aina nyingine zote nchini China, hufikia urefu wake kamili, pengine mita 20, katika muda wa miezi miwili hivi, na ukikatwa, mizizi yake hutoa machipukizi mapya bila kupandwa tena. Lakini mnunuzi huambiwa pia kuwa mwanzi hauhitaji mbolea, na hapo ndipo penye walakini.

Mwanzi wa porini hauhitaji. Unaolimwa kwa biashara ni habari nyingine. Twendeni Anji na Lin'an, katika jimbo la Zhejiang, mashariki mwa China. Kila mavuno yakiondoka shambani, rutuba huondoka nayo, na wakulima huirudisha kwa mbolea ya chumvichumvi. Huko Lin'an wamekwenda mbali zaidi. Wakati wa baridi hutia mbolea nyingi, kisha huifunika ardhi kwa tabaka nene la pumba za mpunga ili ipate joto, na machipukizi ya mwanzi wa lei yatoke kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, bei inapokuwa juu. Sioni haki ya kumlaumu mkulima aliyesomesha watoto wake kwa njia hiyo. Ila baada ya miaka kadhaa udongo hujaa asidi, mianzi hudhoofika, na naitrojeni na fosforasi ambazo mizizi haikuzitumia hubaki zikingoja mvua.

Nayo mvua haichelewi. Mashamba mengi yako kwenye miteremko, na Juni ni mwezi wa mvua nyingi. Maji hushuka hadi mto Tiaoxi, nao humwaga katika ziwa Taihu. Mwishoni mwa Mei 2007 mwani ulitanda ziwani humo hata maji ya bomba ya mji wa Wuxi yakanuka, na watu wapatao milioni 2 wakakosa maji ya kunywa. Tuseme ukweli: viwanda, maji taka ya miji na mashamba ya mpunga ndiyo yaliyotajwa kwanza, na kwa haki. Mianzi ni mchangiaji mmoja tu, ila ndiye asiyeshukiwa na mtu.

Port Botany yenyewe si mgeni wa jambo hili. Jirani na bandari yako mabwawa ya Botany, yaliyoanza kuipa Sydney maji ya kunywa mwaka 1859. Siku hizi yamepakana na viwanja vya gofu, na fosforasi ya mbolea za nyasi na ya maji ya mvua kutoka mitaani imejikusanya katika matope yake.

Je, kuna njia? Ipo, na haina miujiza. Mbolea hufukiwa katika mtaro mdogo badala ya kumwagwa juu ya ardhi, hutiwa kidogo kidogo, na ukanda wa kando ya kijito huachwa bila mbolea kabisa.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii si ya mbali. Kusini mwa Nyanza, nchini Kenya, baadhi ya wakulima wa tumbaku wamejaribu mianzi badala yake, na mwaka 2020 serikali iliutambua mwanzi kuwa zao la kilimo. Mito ya huko huingia Ziwa Victoria, ambako katika miaka ya 1990 gugu-maji lilinawiri kwa rutuba ya aina hii hii na kuwafungia njia wavuvi wa Kisumu. Mwanzi usiotiwa mbolea ukingoni mwa mto huzuia mmomonyoko na kunyonya rutuba itokayo mashamba ya juu. Mwanzi huo huo ukimiminiwa mbolea huweza kuirudisha mtoni.

Basi anayekuuzia miche, ndugu msikilizaji, muulize mbolea itatiwa lini, kiasi gani, na hatua ngapi kutoka majini.