Jaji Apewe Nafasi ya Kupima
Hotuba ya Kamati ya Wakimbizi katika kuadhimisha Siku ya Haki za Binadamu



Tunaadhimisha siku hii hapa Uganda, nchi iliyotupokea. Sheria zake ndizo zinazotulinda, na ndizo zinazotuhukumu tukikosa. Kwa hiyo kamati imeona vema kuzungumza nanyi juu ya jambo zito: hukumu ya kifo.

Kwanza tunaungama kosa letu. Alipouawa mwenzetu hapa kambini, baadhi yetu katika kamati tulipita kwa majirani tukisema: "Sheria ni moja, aliyeua atanyongwa." Matokeo yake mliyaona. Walioshuhudia wakafunga vinywa, maana hawakutaka kifo cha pili kiwe juu yao. Wazazi wa marehemu wakangoja haki bila shahidi. Mama wa mshitakiwa akamlilia mwanawe kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Tuliwaambia mambo ya zamani, na sheria ilikuwa imekwisha kubadilika.

Zamani, mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, jaji hakuwa na hiari. Aliyeua ili aibe mali, na aliyeua baada ya kuteswa miaka mingi nyumbani, wote walihukumiwa kifo. Uzee, ugonjwa na majuto havikupunguza kitu.

Mwaka 2003 wafungwa zaidi ya 400 waliokuwa wakingoja kunyongwa, Susan Kigula akiwa wa kwanza katika orodha yao, walifungua kesi ya kikatiba. Tarehe 10 Juni 2005 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba kulazimisha adhabu ya kifo ni kuvunja Katiba. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikathibitisha uamuzi huo. Majaji walieleza kwamba haki ya kusikilizwa haikomi mtu anapopatikana na hatia. Kupima adhabu nako ni sehemu ya kesi, na ni kazi ya mahakama, si ya Bunge. Tena, aliyengoja zaidi ya miaka 3 tangu rufaa yake ya mwisho kukataliwa, adhabu yake igeuzwe kuwa kifungo cha maisha.

Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa katika gereza la Luzira. Adhabu yake ilipopimwa upya alipewa kifungo cha miaka 20, akatoka mwaka 2016.

Tusielewane vibaya. Mahakama haikufuta hukumu ya kifo, wala haikusema muuaji aachiliwe. Iliondoa ile lazima tu. Uchungu wa familia ya marehemu nao huwekwa katika mizani.

Wala si Uganda peke yake. Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua vivyo hivyo juu ya kosa la kuua tarehe 14 Desemba 2017. Na tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, kwamba hukumu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi.

Basi tufanye nini? Aliyeona, aende aseme alichoona. Kupima adhabu si mzigo wake. Anayeshitakiwa kwa kuua ana haki ya wakili kwa gharama ya serikali, na ya mkalimani bila malipo. Katiba ya 1995, kifungu cha 28, inampa haki hiyo kila mshitakiwa, raia na mkimbizi. Ndugu zake wamweleze wakili mapema umri wake, afya yake na maisha aliyopitia. Ninyi wa mashirika, tunaomba mtusaidie habari hizi zifike kila nyumba, kwa lugha zetu.

Wengi wetu tulikimbia mahali ambapo watu waliuawa bila kuulizwa hata majina yao. Sisi tunajua thamani ya kusikilizwa. Tusimnyime mtu yeyote, si aliyefiwa, si aliyeshitakiwa.